Kabla ya kununua programu ya nyaraka: jibu kwa mtunza nyaraka mwenye mafaili 40,000

Swali: "Salaam mtaalamu. Mimi ndiye ninayetunza nyaraka katika ofisi yetu, tuko kama watu kumi na watano. Kila kitu kiko kwenye folda moja ya pamoja kwenye seva: mikataba, ankara, barua, ripoti, picha za miradi. Mafaili yamefika kama 40,000 na mengi sijui ni ya nani. Kuna mkataba mmoja una nakala tano, na zote zimeandikwa 'mwisho'. Mkurugenzi amekubali tuchukue programu ya kusimamia nyaraka, na ameniachia nichague. Nichukue ipi, na nihamishe vipi mafaili yote haya bila kusimamisha kazi?"

Jibu:

Ndugu yangu, salaam. Umeuliza mambo mawili na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyauliza. Programu nitakutajia kwa majina huko chini. Kuhusu kuhamisha mafaili yote 40,000, jibu langu ni usiyahamishe yote kwa mpigo. Na kabla ya yote mawili kuna kazi ya wiki mbili tatu isiyohitaji programu yoyote. Inahitaji karatasi, kalamu na mazungumzo na wenzako. Ukiiruka, programu itapokea vurugu ile ile uliyonayo leo na kuihifadhi kwa uaminifu mkubwa.

Tuutazame huo mkataba wenye nakala tano, maana ndani yake kuna tatizo lako lote. Tuseme ni mkataba wa usafi. Kwenye folda kuna "Mkataba usafi mwisho.docx", "Mkataba usafi mwisho2.docx", "Mkataba usafi MWISHO kabisa.docx", "Nakala ya Mkataba usafi mwisho.docx" na "Mkataba usafi mwisho saini.pdf". Mtu akikuuliza upi unatufunga kisheria, utakimbilia hiyo PDF. Lakini je, imesainiwa na pande zote mbili, au ni ule ulioskaniwa upande wenu ulipokuwa umesaini peke yake? Ilitokana na rasimu ipi kati ya hizo nne? Utaangalia tarehe ya faili, na tarehe haitakusaidia sana: mtu akilifungua faili la Word na kubonyeza hifadhi, tarehe ya kuhaririwa inaweza kubadilika hata kama hakubadili neno la maana. Folda haina pa kuandika "huu ndio". Kwa hiyo watu wameliandika kwenye jina, na kila aliyekuja baadaye amelazimika kupata neno lenye nguvu zaidi ya "mwisho".

Programu nzuri ya nyaraka hulitatua hilo kwa njia mahususi. Badala ya mafaili matano, kunakuwa na hati moja yenye matoleo matano yaliyopangana, la kwanza hadi la tano, kila moja likiwa na jina la aliyelihifadhi, saa, na maelezo mafupi ya kilichobadilika. Mtu anayehariri anaweza kuifunga hati ili mwingine asiandike juu yake, kisha akaiachia akimaliza. Hati ina hali yake: rasimu, inapitiwa, imesainiwa, imeisha muda. Na kuna kumbukumbu ya matukio inayoonyesha nani alifungua, nani alibadili, nani alifuta. Hayo ndiyo unayolipia. Mengine mengi utakayoonyeshwa na wauzaji ni mapambo.

Sasa tazama kuna nini hapo ambacho programu haiwezi kukijua yenyewe: kwamba hali zenu ni nne na si saba, kwamba "imesainiwa" maana yake pande zote mbili zimesaini, kwamba mwenye mamlaka ya kubadili hali hiyo ni fulani na si kila mtu. Hayo lazima yatoke kwenu, na ndiyo kazi ya zile wiki mbili tatu.

Ianze hivi. Kaa na mtu mmoja kutoka kila kitengo na umuulize nyaraka anazopokea, anazotengeneza na anazotafuta. Usimuulize angependa folda zipangweje, maana kila mtu atakuchorea folda za kichwani mwake na mtagombana bure. Muulize: mara ya mwisho ulipotafuta hati ukaikosa, ulikuwa unaijua kwa kitu gani? Mhasibu atasema jina la mgavi na mwezi. Msimamizi wa miradi atasema jina la mradi. Anayeshughulikia mikataba atasema tarehe ya kuisha. Mkurugenzi atasema "ile barua tuliyowajibu wale jamaa". Hati ni moja, maswali ni manne, na folda inaweza kujibu moja tu kati ya hayo. Ukipanga kwa mgavi, wa mradi anapotea. Ukipanga kwa mradi, mhasibu anaanza kutengeneza nakala zake pembeni, na hapo ndipo nakala tano za kila kitu zinapozaliwa.

Dawa ya hilo ni sifa za hati, yaani metadata: maelezo mafupi yanayoambatana na hati bila kujali imekaa wapi. Wataalamu wamelifanyia kazi jambo hili muda mrefu. Mwaka 1995 watu wa maktaba na wa kompyuta walikutana Dublin, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, na huko ukaanza mfumo wa Dublin Core ambao kiini chake ni vipengele 15 vya kuielezea hati yoyote ile. Ni mfumo mzuri kuusoma ili upate mawazo, lakini ofisi ya watu kumi na watano isijaribu vipengele 15. Ninavyoona mimi, vitano vinatosha kwa hati zote: aina ya hati, mhusika wa nje, tarehe iliyo kwenye hati yenyewe, hali yake, na kitengo kinachoimiliki. Mkataba uongezewe tarehe ya kuisha. Ankara iongezewe namba yake. Basi.

Nasisitiza hilo la uchache kwa sababu hapa ndipo mifumo mingi inapofia. Fomu ikiwa na nafasi kumi na mbili za lazima, mtu mwenye haraka atajaza nukta, au "x", au atachagua la kwanza kwenye orodha. Baada ya miezi sita una hati elfu kadhaa ambazo sifa zake ni za uongo, na sifa ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu utaiona kwenye ripoti, lakini ya uongo utaiamini.

Jambo la pili katika sifa hizo: kila inapowezekana mtu achague kutoka kwenye orodha, asiandike. Mgavi mmoja akiandikwa kwa kirefu leo, kwa kifupi kesho, na kwa kosa la herufi keshokutwa, kwa programu hao ni wagavi watatu. Orodha ya wahusika iwe na mwenyewe, nadhani wewe, na jina jipya liingie kupitia kwako. Itakuchukua dakika chache kwa wiki.

Orodha ya aina za hati nayo iwe fupi. Ofisi kama yako ina aina zisizofika ishirini ukiziandika kwa utulivu. Na mbele ya kila aina andika mambo matatu: nani anaimiliki, nani anaruhusiwa kuiona, na itunzwe kwa muda gani. Hilo la muda usilibuni. Sheria za kodi, za ajira na za kampuni huweka muda wa chini wa kutunza aina mbalimbali za kumbukumbu, na muda huo hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo mhasibu na mwanasheria wenu ndio wakupe idadi ya miaka kwa maandishi. Weka maandishi hayo kwenye mfumo wenyewe kama hati.

Hapa nikuongezee tofauti moja ambayo itakurahisishia maamuzi mengi. Kuna kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016. Kinadai kumbukumbu rasmi iwe na mambo manne: iwe halisi, iwe ya kuaminika, iwe kamili bila kuchezewa, na iweze kutumika. Rasimu haina masharti hayo. Rasimu inabadilika, na inaweza kufutwa ikishamaliza kazi yake. Kumbukumbu rasmi haibadiliki, na haifutwi mpaka muda wake uishe. Nusu ya fujo kwenye folda za pamoja hutokana na hivi viwili kukaa mahali pamoja kwa hadhi sawa. Kwenye programu mpya, hati ikifika hali ya "imesainiwa", ifungwe isihaririwe tena na yeyote, hata mkurugenzi.

Majina ya mafaili bado yana maana hata ukiwa na programu, kwa kuwa hati hutoka: hutumwa kwa barua pepe, hupakuliwa, hupelekwa kwa mkaguzi. Ikitoka, sifa zake mara nyingi hubaki nyuma na jina ndilo husafiri nayo. Anza na tarehe kwa mtindo wa ISO 8601, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-03-07. Kwa mtindo huo kompyuta ikipanga kwa herufi imepanga kwa tarehe pia. Kisha aina, kisha mhusika, kisha neno moja au mawili ya mada: "2024-03-07_mkataba_jina-la-kampuni_usafi.pdf". Namba ya toleo usiiweke kwenye jina ikiwa programu inahesabu matoleo, la sivyo siku moja jina litasema la tatu na programu itasema la tano.

Epuka alama ambazo Windows haizikubali katika majina: mkwaju wa aina zote mbili, nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, mabano ya pembe na mstari wima. Seva za Linux, mfumo endeshi mwingine tofauti na Windows, huzikubali nyingi kati ya hizo, na ndiyo maana mafaili hukwama yakitoka upande mmoja kwenda mwingine. Linux pia huchukulia "Ankara.pdf" na "ankara.pdf" kuwa mafaili mawili, wakati Windows kwa kawaida huyaona ni moja; ukiyakutanisha kwenye folda moja, moja linaweza kulifuta lingine. Na kuna ukomo wa zamani wa Windows wa herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, ambao programu nyingi bado zinaufuata. Folda ndani ya folda ndani ya folda, zote zikiwa na majina marefu, hufika huko upesi. Kabla ya kuhamisha chochote, toa orodha ya njia zote zinazozidi herufi 200 uzifupishe kwanza.

Tuje kwenye programu. Nitakugawia kwa aina ya kazi, si kwa umaarufu.

Ikiwa ofisi yenu tayari inalipia huduma ya Microsoft 365 ya biashara, basi huenda tayari mnayo SharePoint, programu yake ya kutunza na kushirikishana nyaraka, na hamjaitumia. Ina matoleo, ina kufunga hati, ina sifa unazobuni mwenyewe na ruhusa za vikundi. Udhaifu wake ni kwamba inakuruhusu kuendelea kujenga folda kama za zamani, na watu wengi hufanya hivyo, kisha wanalalamika kwamba hakuna kilichobadilika. Ukiichukua, jenga maktaba (ndivyo inavyoziita sehemu zake kuu za kuhifadhia nyaraka) chache zenye sifa, folda ziwe chache au zisiwepo kabisa.

Ikiwa kazi yenu kubwa ni karatasi zinazoingia, ankara, risiti na barua, na mnataka tu ziskaniwe na zipatikane, Paperless-ngx ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, na ni nzuri sana. Unaweka mafaili kwenye folda ya kupokelea, yenyewe inasoma maandishi, inapendekeza aina na mhusika kutokana na ulivyoifundisha, na inatunza faili asili pamoja na nakala ya PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza hati kwa miaka mingi. Imejengwa hasa kwa hati zilizokwisha. Kwa rasimu zinazopita mikononi mwa watu watano kabla ya kusainiwa, tafuta nyingine.

Kwa hizo za kupita mikononi, Mayan EDMS ni huria pia na ina njia za uidhinishaji unazozichora mwenyewe hatua kwa hatua. Alfresco ni kubwa zaidi. Ilianzishwa mwaka 2005, na mmoja wa waanzilishi wake ni John Newton, aliyekuwa pia mwanzilishi mwenza wa Documentum, kati ya mifumo ya awali kabisa ya aina hii. Kwa watu kumi na watano bila fundi wa kudumu, naiona ni nzito. Nextcloud watu huitaja sana, na ni nzuri kwa kushirikishana mafaili, lakini uzito wake uko kwenye kushirikishana kuliko kwenye utunzaji wa kumbukumbu.

Kwa maelezo uliyonipa, ningekuwa mimi ningeanza na SharePoint kama mnayo. Kama hamna, na kuna mtu anayeweza kuiangalia seva, ningejaribu Mayan. Lakini usinunue wala usiisakinishe kwa kazi rasmi kabla ya kufanya jaribio moja ambalo naliona ni muhimu kuliko maonyesho yote ya wauzaji: jaribio la kutoka. Ingiza hati mia moja za kweli, zijaze sifa zote, zipe matoleo mawili matatu. Kisha ziondoe zote kwenye mfumo uziweke kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo. Je, mafaili yamekuja na majina yanayosomeka, au yamekuja na namba zisizoeleweka? Sifa zimekuja kwenye faili la maandishi unaloweza kulifungua? Matoleo ya zamani yapo? Paperless-ngx, kwa mfano, ina amri ya kutoa hati zote pamoja na faili la JSON, aina ya faili la maandishi, lenye sifa zake. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hatua hiyo kwa macho yako, mshukuru na umuage. Nyaraka zenu zitaishi kuliko programu yoyote mtakayochagua leo.

Jaribio la pili ni la utafutaji. Skani barua ya kurasa tatu, chagua neno lililo katikati ya ukurasa wa pili, litafute. Hapo inafanya kazi teknolojia ya OCR, inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yanayotafutika. Programu nyingi huria hutumia injini ya Tesseract, iliyoanza kutengenezwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa huria mwaka 2005. Tesseract ina data ya Kiswahili, kwa kifupi chake "swa", lakini lazima uiwashe. Ukiiacha kwenye Kiingereza peke yake itajaribu kuyasoma maneno yetu kwa mazoea ya lugha nyingine, na utafutaji utakuangusha bila kukuambia kwa nini. Kama nyaraka zenu zimechanganya lugha, washa zote mbili.

Skani kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho ni nukta 2480 kwa 3508. Kwa rangi kamili kabla ya kubanwa ni kama MB 26, kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama MB 1 tu. Ndiyo maana skana nyingi hubana picha, na namna ya kubana inastahili uangalifu wako. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox za kuskani zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Aliskani ramani ya jengo yenye vyumba vitatu, kimoja cha mita za mraba 14.13, kingine 21.11, kingine 17.42, na nakala ikatoka ikionyesha 14.13 kwa vyote vitatu. Chanzo kilikuwa ubanaji wa JBIG2: mashine iliona vipande vya picha vinavyofanana, ikahifadhi kimoja na kukirudia kila mahali. Maandishi yalikuwa safi, hayana ukungu wowote, na hilo ndilo lililofanya kosa lisionekane. Xerox walitoa marekebisho. Kwako wewe funzo ni la kazi: kwa ankara, mikataba na michoro, usitumie ubanaji mkali unaopoteza taarifa, linganisha tarakimu chache za kila kundi na karatasi asili, na usichane karatasi yoyote mpaka mwanasheria wenu athibitishe kwamba nakala ya skani inakubalika kwa aina hiyo ya hati.

Sasa uhamishaji, ambao najua ndio unaokunyima usingizi.

Chagua siku moja, itangaze mapema, na siku hiyo folda ya zamani igeuzwe kuwa ya kusoma tu. Watu waweze kufungua na kunakili, wasiweze kuhifadhi. Kisha hamisha kilicho hai: mikataba ambayo haijaisha, ankara za mwaka huu wa fedha, miradi inayoendelea, nyaraka za kudumu za ofisi. Nakisia hiyo ni sehemu ndogo ya mafaili yako. Yaliyobaki yaje kwa kuitwa: mtu akitafuta hati ya zamani na kuipata, anaihamishia kwenye mfumo mpya na kuijazia sifa siku hiyo hiyo. Mwaka ukipita utakuwa umepata bila kumsumbua mtu orodha ya nyaraka ambazo ofisi inazihitaji kweli. Zilizobaki unazipima kwa muda wa utunzaji mliokubaliana: zilizomaliza muda ziingie kwenye orodha ya kufutwa, ambazo hazijamaliza zihamishwe kwa mafungu zikiwa na aina na mwaka tu.

Kabla ya hapo safisha takataka ambazo hakuna atakayezigombea. Mafaili yanayoanza na "~$" ni mabaki ya Word na Excel zilipokuwa zimefunguliwa. Hakikisha tu hakuna aliye nazo wazi wakati huo. "Thumbs.db" na ".DS_Store" hutengenezwa na kompyuta zenyewe. Kisha tafuta nakala zinazofanana kabisa kwa kutumia hashi. Programu hukokotoa alama kutokana na maudhui ya faili, kwa njia iitwayo SHA-256 ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na mafaili mawili yenye maudhui yale yale hutoa alama ile ile hata kama majina na folda ni tofauti. Koma moja ikibadilika, alama yote hubadilika. Kwa hiyo hashi itazinasa nakala kamili, lakini haitakuambia kwamba karatasi moja imeskaniwa mara mbili, wala kwamba "mwisho" na "mwisho2" zinatofautiana kwa sentensi moja. Hizo ni za macho ya mwenye hati. Alama hizo hizo zitumie tena baada ya kuhamisha: hesabu mafaili kabla na baada, linganisha hashi, na chochote kisicholingana kitazamwe kabla hujaendelea na fungu linalofuata.

Ruhusa zipe vikundi, usimpe mtu mmoja mmoja. Uhasibu, miradi, utawala, basi. Mtu akihama au akiondoka unamtoa kwenye kikundi na kazi imeisha. Ukiwa umempa ruhusa kwenye hati 60 moja moja, hutazikumbuka.

Watu watarudi kwenye tabia ya zamani, na ulijue hilo mapema ili usivunjike moyo. Watahifadhi kwenye kompyuta zao, watatumiana viambatisho kwa barua pepe na WhatsApp. Hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Wanafanya kwa sababu njia hiyo ina hatua chache. Basi punguza hatua za njia yako. Skana itume moja kwa moja kwenye folda ya kupokelea. Barua pepe ya ankara iingie yenyewe. Aina ya hati ijazwe kwa kukisiwa, mtu athibitishe tu. Na mwombe mkurugenzi jambo moja lenye nguvu kuliko mafunzo yoyote: mtu akimtumia hati kama kiambatisho, ajibu kwa upole "nitumie kiungo". Akifanya hivyo kwa mwezi mmoja bila kuachia, ofisi nzima itahama.

Baada ya hapo mfumo unataka mkono wa kila wiki. Fungua orodha ya hati zisizo na aina au mhusika, na uzimalize. Kila mwezi tazama mikataba inayoisha ndani ya siku 90. Kila robo mwaka angalia nafasi ya diski, maana matoleo hula nafasi kimya kimya: wasilisho la MB 20 likihifadhiwa mara 100, na mfumo ukitunza kila toleo kikamilifu, ni GB 2 kwa faili moja. Weka kikomo cha matoleo kwa rasimu. Na mara moja kwa mwaka, toa orodha ya hati zilizomaliza muda, mwenye kila aina aisaini, ndipo ufute. Orodha iliyosainiwa ibaki, kwa sababu siku mkaguzi akiuliza hati iko wapi, kusema ilifutwa tarehe fulani kwa idhini ya fulani ni jibu halali. Hatua hii wengi huiahirisha mwaka hadi mwaka kwa hofu ya kufuta, na baada ya miaka michache utafutaji wao unaleta majibu mia tatu kwa kila neno.

Nimalizie na bekapu, yaani nakala za akiba. Kanuni inayotumika sana ni ile iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kusawazisha folda na wingu si bekapu; ukifuta huku inafutika kule, na kirusi cha kudai fidia kikifunga mafaili huku, yaliyofungwa ndiyo yanayopanda kule. Kwa programu ya nyaraka kuna hatari ya ziada. Mafaili hukaa mahali pamoja, sifa zake hukaa kwenye hifadhidata mahali pengine, na fundi asiyejua hunakili mafaili tu. Ukirejesha bekapu ya namna hiyo unapata rundo la PDF zisizo na aina, mhusika, matoleo wala hali. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya majaribio, kabla hujahamisha chochote cha maana, mwambie fundi arejeshe bekapu nzima kwenye kompyuta nyingine ukiwa umekaa pembeni yake, kisha utafute hati tatu ulizozichagua wewe. Zikifunguka zikiwa na sifa na matoleo yake yote, tangaza siku ya kufunga folda ya zamani.